Mtu wa Kanzu

Juzi mwanangu alikuwa anatazama filamu kwenye simu. Alipotokea mtu mwenye kanzu, mwanangu alivua kofia yake ya madrasa, akaikalia.

Nikakumbuka chumba cha video kule mtaani Kamalondo utotoni mwangu, kilivyonuka petroli ya jenereta na jasho. Mimi na kaka yangu Idi tulipitia pale tukitoka madrasa na kanzu zetu, tukakaa chini, mbele kabisa. Kwenye filamu mtu mwenye kanzu alisema "Bismillahi," kama baba kabla ya kula. Nikapiga makofi kwa furaha: wa kwetu ametokea! Kumbe alikuwa anatega bomu ndani ya basi. Basi hilo likalipuka, abiria wakaungua wakipiga mayowe, na chumba kizima kikatugeukia.

"Njo benu banauaka bantu!" mwanamume mmoja alifoka, kwamba watu wetu ndio wauaji.

Walituburuta nje. Jiwe lilimpasua Idi paji la uso kwa kishindo cha kibuyu kinachovunjika. Alipoanguka wakamkanyaga, hadi kanzu yake ikawa nyekundu.

Nyumbani baba aliikamua kanzu ile kwenye beseni.

"Ni nani alimupiga?"

"Ni ule muntu wa mu filme," nilijibu.

Alidhani woga umenichanganya akili. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka juzi mwanangu alipoikalia kofia yake.