Baba Alipomuuza Mgombea kwa Waranti

Asubuhi za Kakuma, nilipokuwa mtoto, zilianza na mkwaruzo. Kwanza kipaza sauti cha baba kilikohoa, kikapiga mluzi mwembamba uliowaudhi mbwa wote wa mtaa, halafu yeye mwenyewe akakipuliza, fuu, fuu, na hapo mji ukajua kumekucha. Nyuma ya sauti ilikuja harufu: kafuri na mikaratusi ya dawa ya kuchua, harufu iliyokaa kwenye shati lake, kwenye mto wake, hata kwenye chai. Mama alikuwa akiinusa chai na kusema, "Leo tena tunakunywa magoti ya watu." Baba aliuza dawa ya panya na dawa ya kuchua sokoni, upande ule ambao wakimbizi huingilia wakitoka kambini, na jirani yake wa biashara alikuwa Mama Furaha, Mkongomani mnene mcheshi aliyekaanga maandazi na kuyakinga na harufu ya baba kwa kitenge kizima.

Maneno yake nayajua mpaka leo, hata ukiniamsha usingizini nitayasema. "Panya, na mke wake, na watoto wake, na wageni waliokuja kulala, wote chali!" Lakini hakuuza kwa mdomo mtupu. Mbele yake alitandaza gunia, na juu ya gunia akawapanga panya waliokufa usiku ule, vichwa upande mmoja, mikia upande mwingine, utadhani wako gwaride. Dawa ya kuchua nayo ilikuwa na maonyesho yake: alimwita mzee yeyote anayepita akichechemea, akamchua goti hadharani, akamwambia achuchumae na kusimama. Wazee walizozana nani awe goti la siku hiyo. Na kila alipomaliza, bila kukosa, alisema hivi: "Isipofanya kazi, rudisha! Mimi sihami! Niko hapa hapa, na nyumbani kwangu mnapajua!" Waliorudisha walikuwa wachache, naye aliwabadilishia bila kununa. Kwa hayo maneno ya mwisho sisi tulikula na kwenda shule.

Msimu ninaoukumbuka ulikuwa wa kampeni. Mtaa wetu ulikuwa na pampu moja ya mkono, nayo ilikuwa imekufa zamani, mpini wake umeganda juu. Sisi wasichana tulishuka Tarach, mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, tukachimba shimo la kufika kiunoni, tukangoja maji yajikusanye, tukayachota kwa kikombe. Unafika shule umechelewa, una mchanga hadi kwenye nyusi, halafu mwalimu anakuuliza ulikuwa wapi. Kila mgombea aliyepita aliapa kuifufua ile pampu. Mmoja wao aligombea kiti cha wadi bila chama, na alama yake kwenye karatasi ya kura ilikuwa birika, basi sisi tukamwita Birika na jina lake halisi likasahaulika. Siku ya mkutano wake wa kwanza alisoma hotuba kutoka kwenye karatasi. Alisema miundombinu. Akasema uwezeshaji. Akasema mikakati endelevu. Mzee mmoja alilala ameegemea fimbo yake, na mbuzi wakapita katikati ya mkutano bila mtu kuwafukuza. Hapo baba, aliyekuwa akisubiri amalize, akapuliza kipaza sauti chake, fuu, fuu, na mkutano mzima ukahamia kwake mbio. Birika akabaki na mbuzi.

Jioni alikuja nyumbani kwetu na zawadi. Ilikuwa kipaza sauti kipya, kikubwa, chekundu, chenye king'ora. Masikini baba yangu! Sijawahi kumwona mwanamume akiangalia kitu namna ile. Alikibonyeza king'ora mara moja tu, kuku wakaruka ukuta, na mama akaingia ndani bila kuaga mgeni kwa sababu alijua biashara imeshakwisha. Kuanzia kesho yake baba akawa mwalimu wa mheshimiwa. Masomo yalifanyika uani kwetu, na mimi nikayasikia yote nikiosha sufuria kwa majivu. "Usiwaambie una dawa," baba alimfundisha. "Waulize kwanza kama wamelala. Mtu akikumbuka panya alivyomtembelea usoni, atakuomba dawa mwenyewe." Akamwambia atupe miundombinu. "Sema maji. Halafu nyamaza. Waache wasikie kiu." Birika akajaribu kunyamaza, akashindwa, akaongeza neno "endelevu", na baba akamrushia kandambili kabla ya kukumbuka anaongea na nani.

Kwenye mikutano iliyofuata baba ndiye aliyemfungulia njia, na sijui kama Turkana nzima imewahi kusikia kampeni kama ile. Alimwuza yule mtu jinsi alivyouza kila kitu. "Mpya kabisa! Hajawahi kutumika! Hana mkwaruzo!" Mwakilishi aliyekuwa kitini, baba alimwita mtumba, nguo iliyovaliwa na wengi kabla haijafika Kakuma. "Kura yako ni moja tu, mama, ukiipoteza hakuna nyingine dukani!" Watu walicheka wakashikana mabega. Mama Furaha alifunga biashara aje asikilize, akapiga makofi kuliko wenye kura, kisha akamwita baba kwa jina langu. "Baba Akiru, unasemaka muzuri sana," alimwambia. "Miye sina kura ya huku, lakini ningekuwa nayo ningeshampa zamani." Kisha akanigeukia na kuninong'oneza kwamba kwao pia walikuwa na mabwana wa maneno matamu, na sasa tazama yeye anakaangia wapi maandazi. Sikumwelewa, nilikuwa nasubiri king'ora.

Ilikuwa kwenye mkutano wa mwisho, pale pale sokoni, baba alipojimaliza. Jasho linamtoka, watu wamepagawa, yeye mwenyewe amepagawa kuliko wote. Akapaza sauti kwamba maji yatatoka kabla wino wa kura haujatoka kwenye kucha. Birika akaitikia kwa kichwa, kwa nini asiitikie? Halafu ulimi wa baba ukaendelea wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote: "Asipofanya kazi, rudisha! Mimi sihami! Niko hapa hapa, na nyumbani kwangu mnapajua!" Umati ukalipuka kwa vigelegele. Mama alikuwa amesimama kando yangu. Hakupiga kigelegele. Alisema polepole, "Huyu mtu ametuuza sisi."

Birika akashinda, akahamia Lodwar, kwenye ofisi za kaunti, na ile pampu ikabaki mkono juu. Mwanzoni watu walitania tu. Wakipita walimwonyesha baba kidole chenye wino, wakamsalimu kwa Kiturkana na kuuliza, "Ejok, Baba Akiru, birika bado halijachemka?" Lakini kucha zinakua. Ule wino ukaanza kusogea kuelekea ncha, na wanawake wakawa wanalinganisha vidole kisimani, yaani mchangani. Kulikuwa na bibi mmoja jirani yetu, tulimwita Ata, ndiyo kusema nyanya kwa Kiturkana, ambaye alikataa katakata kuikata kucha yake. Ilirefuka mpaka akawa anakunywa chai kidole kimemwelekea jirani. Asubuhi moja akaja sokoni, akaiweka ile kucha juu ya gunia la baba, katikati ya panya. "Baba Akiru," akasema, "hii mtu uliuza sisi imeharibika. Mimi narudisha." Nyuma yake kulikuwa na msururu. Hakuna aliyekuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha. Walikuwa wamekuja tu kurudisha bidhaa, kama walivyoambiwa.

Baba alicheka, akidhani na wao watacheka. Wapi! Kuanzia siku ile hakuna aliyenunua. Wangenunuaje? Kama amewadanganya juu ya mtu mzima mwenye suti, watamwaminije juu ya panya? Akipiga kelele watu wanapita, wazee wakaficha magoti yao, na panya wa Kakuma wakanenepa hadi wakawa wanavuka barabara mchana. Nyumbani tukaanza kula mara moja kwa siku. Mama hakumgombeza, alichofanya ni kibaya zaidi: alianza kuniuliza mimi, mbele ya baba, kama nitaweza kuacha shule muhula ule nikauze kuni kambini naye. Nililia usiku kucha. Baba alisikia, nyumba yetu haikuwa kubwa kiasi cha mtu kulia peke yake.

Kulipopambazuka alidandia lori la kwenda Lodwar, na kipaza sauti chekundu kifuani. Alivyotusimulia baadaye, mlinzi wa ofisi alimwuliza kama ana miadi, akajibu kwamba ana king'ora. Akaingizwa haraka. Mbele ya Birika hakulalamika hata neno. Alimwambia tu, "Mheshimiwa, watu wanakuulizia sokoni. Kila siku. Wamejaa." Na hakusema uongo! Birika, ambaye hakujua kuliacha kundi la watu lipite, akaahidi kuja, akaja kweli, amevaa suti ya bluu, akitarajia kuvikwa shada. Baba akampokea kwa heshima zote, akabonyeza king'ora, akatangaza: "Wateja wangu! Mnanijua, siuzi bila maonyesho. Huyu niliwauzia bila kumjaribu mbele yenu, kosa langu. Leo tunamjaribu!" Akamshika mkono, akamwongoza hadi kwenye pampu, mji mzima nyuma, Mama Furaha na sinia lake kichwani. Akamwonyesha mpini.

Angefanya nini? Akavua koti. Akaning'inia kwenye ule mpini uliokuwa umeganda, ukalia, ukashuka. Akapampu. Hakikutoka kitu. Baba akasimama kando na kipaza sauti, hakusema neno, kama alivyomfundisha mwenyewe: nyamaza, waache wasikie kiu. Jua likawaka, shati likamganda mgongoni, na Birika akapampu, akapampu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Wapambe wake wakatazama viatu. Kilichosikika ni chuma tu, kwiki, kwaka, mpaka Ata akasogea, akamtazama usoni kwa huruma ya kweli, akamwuliza, "Mwanangu, na wewe unasikia kiu?" Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa. "Hata sisi," Ata akasema, akarudi kukaa.

Mafundi walifika na mabomba wiki hiyo hiyo, na maji yalipotoka watu walimwagiana kama wendawazimu. Ata akaomba mkasi. Baba alimrudishia Birika kipaza sauti chekundu kupitia dereva wake, na kesho yake akapuliza kile chake cha zamani, fuu, fuu, roho mkononi. Mzee wa kwanza aliyepita akichechemea akasimama. Akafikiri. Akapandisha shuka, akatoa goti. Baba alilia akilichua, akasema ni kafuri.

Sasa naishi Lodwar, nauza dawa za mifugo, na kampeni zimeshika moto tena. Zinatoka kwenye simu, zina muziki na picha za angani, na wanaozitengeneza wanaongea juu yetu kama juu ya soko la sabuni, na jambo hilo hunikera sana, kwa sababu muuza sabuni angalau namjua anakolala. Mwezi huu kijana mmoja nadhifu wa timu ya mgombea alinijia dukani. Amesikia habari za mzee wa Kakuma, anataka ile sauti. Nikampigia baba, nikaweka simu juu ya meza ili kijana naye asikie. Baba, ambaye siku hizi huchua goti lake mwenyewe, hakuuliza malipo. Alisema, "Mwambie amlete huyo mtu akae hapa kando yangu, mwezi mzima, juu ya kigoda, watu wamtazame. Akivumilia, nitamwuza bure."

Kijana aliandika kwenye simu yake, akasubiri jibu la wakubwa, akalisoma. Halafu akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama pale sokoni pana kivuli.

"Hakuna," baba akajibu kutoka mezani, na akakata simu, maana alikuwa na wateja.