Ubao Safi wa Mwalimu Redio

Walimbandika jina la Redio tangu akiwa mwalimu mpya, na lilimkaa kuliko jina alilopewa na wazazi. Ukikaa ofisini kwa mwalimu mkuu, upande wa pili wa uwanja, ulimsikia anafundisha mmeng'enyo wa chakula mpaka wewe mwenyewe unashikwa na njaa. Watoto walibanana kwenye madawati, waliokosa nafasi wakakaa sakafuni, na yeye aliona wa nyuma ana haki ya kusikia sawa na wa mbele. Basi akapaza sauti. Asubuhi alipaza, mchana alipaza, mwaka ukaisha akaanza mwingine.

Koo lilianza kukwaruza, kisha sauti ikawa inakatika katikati ya sentensi. Daktari alimchungulia kooni kwa mrija wenye taa, akatikisa kichwa. "Mwalimu, nyuzi za sauti zimeota vinundu. Ukiendelea kupiga kelele darasani, utabaki bubu." Akamwagiza anyamaze, kana kwamba kunyamaza kunauzwa duka la dawa na darasa lile lingejifundisha lenyewe.

Nyumbani alinyamaza kweli. Mumewe, fundi cherehani aliyeshonea barazani, alizoea kuitwa kwa makofi. Akisikia kofi moja husimamisha cherehani na kuchungulia mlangoni. "Naam, bosi! Tangu tuoane hujawahi kuniita kwa upole hivi." Mke alicheka bila mlio, na mume akirudi kwenye cherehani yake uso ulimshuka.

Ndipo mradi mmoja wa elimu ukaleta vishikwambi. Walimu wa shule ile walitazama makasha yale kwa jicho la watu waliokwisha kuletewa mengi yakaishia stoo. Mwezeshaji wa mradi, bibie mmoja mchangamfu, aliwaeleza kwamba wanafunzi watajifunza kwa kushirikiana: kila kikundi na kishikwambi chake, wote wakiandika kwenye ukurasa mmoja, huyu akianza, yule akimalizia, na mwalimu akiona kila kitu kwenye mashine yake. Wengine walipiga miayo. Redio alikaa wima. Aliona darasa zima linachapa kazi, na yeye anapita katikati ya madawati akinong'ona.

Tena kulikuwa na nafasi moja ya mkufunzi, mtu wa kuzunguka shule nyingine akifundisha walimu wenzake, vikundi vidogo, kipaza sauti mkononi. Tusizungushe maneno: nafasi hiyo ndiyo pekee iliyosimama kati yake na ububu. Wanaoitaka wangeongoza kikundi cha walimu, waandae somo kwenye ukurasa wa pamoja, na wakaguzi wangekuja kuufungua na kuamua hapohapo.

Kikundi chake kilichagua safari ya maji, kutoka wingu hadi bomba. Walimu vijana walidandia haraka. Aliyegoma alikuwa Mzee Dasta, mwalimu wa hesabu, karibu kustaafu, mtu mstaarabu mpaka anaudhi. Jina lake lilitokana na desturi yake. Kipindi kikiisha, hata kengele imlilie sikioni, hatoki mpaka amefuta ubao wote, kona hadi kona, ili mwalimu anayemfuata aukute safi. Kumwachia mwenzako ubao mchafu, kwake, ilikuwa sawa na kumwachia mgeni vyombo vichafu.

"Mwanangu, mimi na hicho kioo hatujuani," alimwambia Redio. "Nitakiharibu bure."

Redio alivuta kiti karibu naye. Sauti aliyokuwa akiitunza kama yai aliitumia kwa huyu mzee, neno kwa neno, mchana baada ya mchana, kwenye chumba cha walimu kilichonuka chaki na chai. "Mzee, usikiogope. Huu ni ubao tu. Hesabu kwamba ni ubao."

"Ubao?"

"Ubao kama ubao mwingine."

Mzee akalainika. Akaandika kwa kidole kimoja aya nzima kuhusu mvuke, ikawa aya nzuri kuliko zote, na Redio alifurahi mpaka akaumwa koo.

Siku ya ukaguzi mwezeshaji alikuwa shule nyingine. Wakaguzi wawili waliingia, projekta ikawashwa, walimu wakajipanga ukutani wakiwa wamevaa nguo za sikukuu. Redio alibonyeza jina la ukurasa. Ukutani ukatokea weupe mtupu. Akabonyeza tena. Weupe uleule.

"Kazi iko wapi, mwalimu?" aliuliza mkaguzi mkubwa.

"Ilikuwepo," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Asubuhi ilikuwepo."

"Hata wanafunzi wako husema daftari limebaki nyumbani."

Hapo Mzee Dasta akasogea mbele kwa heshima zake zote. "Samahani, mheshimiwa. Nimefuta mimi. Nilimaliza kupitia sehemu yangu, nikajua mwalimu ndiye anayefuata, nikamwachia ubao safi."

Hakuna aliyecheka. Redio alitaka kueleza, sauti ikamkatikia kwenye neno la kwanza, akabaki anapunga mikono. Mkaguzi akafunga mkoba wake. "Kiongozi ambaye kikundi chake kinafuta kazi yake mwenyewe, hao walimu wengine atawafundisha nini?" Wakaondoka. Siku hiyo Redio alimchukia yule mzee, alimchukia kwa moyo wote, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa amefanya vilevile alivyofundishwa naye. Mzee alimfuata hadi getini akiomba radhi. Redio hakugeuka.

Nafasi akapewa mwalimu wa shule jirani, kijana mwenye sauti safi. Redio akarudi darasani kwake kupaza kilichobaki. Vishikwambi vilipungua, vingine vikapasuka vioo, na kufikia muhula uliofuata alikuwa akiandika ubaoni na kugonga meza kwa rula ili watoto watazame.

Kisha yule kijana, mkufunzi mpya, akaja kuwanoa walimu wa shule zote za jirani, katika ukumbi wa shule ya Redio. Somo lake la kwanza lilikuwa fupi. "Ukifuta kwa bahati mbaya, usihangaike. Mashine haisahau. Bonyeza hapa, chagua siku, rudisha." Akitafuta mfano, akafungua kwenye kishikwambi cha shule ukurasa uliokuwa mtupu. Akabonyeza mara mbili.

Ukutani ikajaa safari ya maji, kutoka wingu hadi bomba. Maswali ya Redio yalikuwepo, michoro ya vijana ilikuwepo, aya ya mvuke ilikuwepo yote. Mzee Dasta alijishika kichwa.

"Hii ni kazi ya nguvu!" alisema mkufunzi. "Nani aliongoza kikundi hiki?"

Redio akasimama. Akafungua mdomo, ukatoka upepo.

"Sauti, mwalimu! Huku nyuma hatusikii," mtu akapaza.

Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Mzee Dasta akainuka kando yake, macho yamelowa.

"Ni huyu," alisema. "Tunamwita Redio."

Walimu wa shule nyingine wakaangua kicheko. Walidhani mzee anatania.