King'ora Akabidhi Usukani

Hospitalini walimwita King'ora, na jina likamfuata hadi nyumbani. Miaka ishirini na tisa aliendesha gari la wagonjwa kwenye barabara ile ile inayofuata mto, kutoka zahanati za milimani hadi hospitali kuu bondeni. Kona zake alizijua kama vidole vyake. Mto wenyewe hakuwahi kuutazama.

Alipostaafu, mkewe, fundi cherehani asiye na maneno mengi, alimwambia, "Baba, nitembeze siku moja. Twende polepole, tuangalie mto, tule njiani."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana nataka twende."

Waliondoka asubuhi na kigari chao, chupa ya chai na mayai ya kuchemsha kikapuni. Barabara ilipoanza kupanda tu, mguu wa King'ora ukawa mzito. Lori la mbao akalipita kwenye mwinuko, magari ya nyuma akayaacha mbali. Maporomoko ya kwanza ya mto yakapita dirishani kama shuka jeupe linalovutwa kutoka kwenye kamba.

"Tumeyapita," mkewe akasema.

"Yapo mengine mbele."

Ya pili nayo yakapita. Mkewe akashika kikapu kisipinduke, akauliza kwa upole, "Baba, huko nyuma umembeba nani?"

King'ora akatupa jicho kwenye kioo. Kweli alitazama, kama mtu anayetafuta. Kiti kilikuwa kitupu.

Akaegesha kando ya daraja. Mkewe akamimina chai, yeye hakukaa. Alipiga matairi teke, akafungua boneti, akapima oili aliyoipima alfajiri. Kisha akasema, akiwa bado ameinamia injini:

"Hapa darajani nesi aliwahi kunigongea kioo. Tulikuwa na mama mjamzito. Akaniambia nisikimbie tena, haina haja. Nikaendelea kukimbia vile vile."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Nilifika, nikakuta chakula, nikala."

Mkewe akafunika chupa ya chai. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

"Tangu lini unaendesha?"

"Mwaka wa tatu huu. Binti yako alinifundisha. Leseni ninayo kwenye pochi. Hukuwahi kuwa na nafasi ya kuniuliza."

King'ora akahamia upande wa abiria, akashikilia mlango kwa mikono miwili. Mkewe aliendesha kama anayekata kitambaa juu ya mstari wa chaki. Mwendesha baiskeli mwenye gunia la kabichi akawapita, akawasalimia kwa heshima zote. King'ora alijikunyata, akitamani kuvaa kofia.

"Badilisha gia, mama."

"Nimeisikia."

Kwa kukosa la kufanya, akatazama nje. Maji yalikuwa ya kijani kwenye vidimbwi, meupe yalipogonga mawe. Ndege mwenye miguu mirefu alisimama juu ya jabali, naye hakuwa na haraka.

"Lile jabali lilikuwepo siku zote?"

"Unaniuliza mimi? Mwenye barabara ni wewe."

Hakutulia hata hivyo. Mara tatu aliomba washuke, eti akague matairi. Lakini walipofika njia panda, mkewe alipouliza kama wageuze warudi nyumbani, alikohoa, akasema kuna bonde huko juu ambako hakuwahi kuitwa.

"Ni mbali?"

"Sijui," akasema, na neno hilo lilimtoka kwa shida.

Mkewe akakata kushoto.