Nani Alimzika?

“Na nani alimzika?” baba aliniuliza. Nilikuwa nimemsimulia riwaya ya vita tuliyosoma chuo kikuu, ambamo askari anafiwa na rafiki yake, kisha anarudi nyumbani kulewa na kulia. Baba, aliyepigana Somalia, alikuwa akipara samaki uani kwetu Kisumu.

“Kitabu hakisemi.”

“Basi mwandishi wako ametoroka kazi, mama,” akacheka.

Nilichukia. Nilitaka kujua kama naye aliwahi kulia, kwa maana machozi yake sikuyajua, na nilishaanza kushuku kwamba vita havikumgusa. Siku hizi kila askari ninayekutana naye vitabuni nampima kwa baba, na wengi hawamfikii.

Mjane wa rafiki yake wa jeshini, huko Port Victoria, ndiye aliyenieleza miaka mingi baadaye. Mwili wa mumewe haukupatikana huko Somalia, kwa hiyo badala yake walizika tunda la yago, yaani mwegea, kama Wajaluo tunavyomzika mtu aliyepotea. Baba ndiye aliyelileta tunda hilo. Aliwakataza vijana kumsaidia kuchimba kaburi, akachimba mwenyewe, huku akilia kwa sauti mbele ya watu wote.