Picha Mbili za Kope ya Ngendo

Ngendo wa Gitothua alikuwa na saluni na mdomo, na vyote viwili havikufungwa mapema. Lakini mwaka huu hewa moto ya mashine ya kukaushia nywele ilimkausha macho, akawa kama ametiwa mchanga. Akaenda kliniki ya macho Thika.

Mpiga picha, Khisa, alimpindua kope ya chini akaipiga picha kwa kamera ya mwanga usioonekana. Akakuna kidevu.

"Mama, tezi za mafuta ni kama nusu hazipo. Mafuta yakikosa, machozi yanakauka upesi."

Ngendo akaomba atumiwe picha hiyo kwa simu. Ndipo Daktari Leila alipoingia, akatazama skrini, kisha dirisha.

"Khisa, huu weupe unaoficha tezi si ugonjwa. Ni jua na taa ya juu zinamulika kope yenye unyevu."

Akavuta pazia, akazima taa, akainamisha kamera, wakapiga upya. Tezi zikajitokeza zimejipanga kama mahindi shambani. Mbili tatu tu zilikuwa fupi.

"Weka kitambaa cha moto asubuhi na jioni, kisha ukande kope polepole. Utapata nafuu."

Ngendo alishukuru, ila picha ya kwanza hakuifuta. Jioni alimwonyesha mumewe, Gerishon.

"Baba Njau, ona. Nusu imeenda. Moshi wa jiko siuwezi tena."

Gerishon, mtu wa huruma, akashika mwiko. Alipika githeri ya mahindi na maharagwe, akapika chapati zenye pembe nyingi, huku Ngendo amejilaza sebuleni na kitambaa usoni, akielekeza chumvi. Roho ilimsuta kidogo, lakini chapati zilikuwa zimeanza kunoga.

Siku ya kurudi kliniki, Gerishon alimsindikiza. Daktari Leila akafungua ile picha nzuri.

"Mama anaendelea vizuri. Hata mwanzoni tezi hazikuwa mbaya. Mwanga wa dirishani ndio uliharibu picha ya kwanza."

Gerishon akamtazama mkewe. Ngendo alikuwa amegeukia ukutani, anasoma bango la miwani.

"Daktari," Gerishon akasema kwa upole, "hata mimi moshi umenisumbua. Nipige picha. Lakini hilo pazia tuliache wazi."

Leila alikataa huku akicheka. Nyumbani, Ngendo alienda jikoni bila kuambiwa, akaanza kukanda unga. Gerishon akampokonya bakuli, akampa vitunguu amenye.

"Chapati niachie. Zako ni ngumu."