Nilijua Yote kwa Kichwa

Mimi kalasi ya shule nilifika mwaka wa pili tu. Baba akasema inatosha, msichana haandikii nyungu barua. Lakini kichwa changu kilikuwa gundi. Zaburi, katekisimu, nyimbo za kanisa namba kwa namba, Baba Yetu kwa Kiswahili na kwa Kibemba, vyote nilivishika kwa kusikia. Wenye diplome walipokuwa wakitafuta ukurasa, mimi nilifunga macho nikawapita. Hiyo ndiyo ilikuwa diplome yangu. Kwa hiyo mtu akinikumbusha jambo la Mungu, niliona ananivua nguo mbele ya watu.

Tulikaa kambini, katika nyumba za wafanyakazi wa shaba hapa Lubumbashi, upande ule moshi ulikuwa ukiingia mpaka kwenye unga. Bwana yangu alifanya kazi kwenye tanuri. Ulikuwa wakati wa Chama kimoja. Asubuhi, kabla ya kazi, wanaume waliimbishwa na kuchezeshwa sifa za Kiongozi, na siku za sikukuu sisi wake zao vilevile, tumejifunga vitambaa vyenye sura yake matakoni. Maneno yaleyale, mpaka ulimi unakuwa jiwe. Hapo nikapata akili mbovu. Nikasema neno linalorudiliwa kila siku ni uongo, ukweli unasemwa mara moja.

Siku ya Alhamisi wanawake wa kanisa walikutana. Mama kiongozi wetu, mjane mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, hakuwa na somo ila moja: kusamehe. Juma hili kusamehe, juma lile kusamehe.

Na mimi nilikuwa na mtu wa kumsamehe. Mtoto wangu wa tatu alikuwa amekufa kwa surua. Yaya yangu, dada yangu mkubwa wa tumbo moja, aliolewa Kipushi, safari ya asubuhi moja kwa lori. Hakuja kwenye kilio. Siku ya kuzika nilitazama njia mpaka shingo ikaniuma. Hakuja, na hakutuma neno. Kwetu mtu anaweza kukosa ndoa yako. Kilio hakikoswi.

Alhamisi moja nikasimama katikati ya somo.

“Mama kiongozi, siku yote kusamehe, kusamehe! Miye niko mutoto? Ile maneno najua tangu sina maziwa kifuani!”

Wanawake wakacheka. Na yeye akacheka.

“Najua unajua, mama. Na bukari, jana haukula? Leo unapika tena ya nini?”

“Bukari inaisha mu tumbo.”

“Na hii ya kusamehe njo inaisha mbio kupita bukari.”

Nikachukua kitambaa changu nikaondoka. Mwaka mzima na zaidi sikurudi siku ya Alhamisi. Siku ya Yenga, Jumapili, nilikwenda ibadani, nikakaa nyuma, mdomo unatembea peke yake. Watu wanafikiri imani inaanguka kama sufuria, kwa kelele. Hapana. Yangu ilikuwa kama unga ulioachwa chini ya mfuko. Ukiutazama ni unga. Tia mkono, unatembea kwa wadudu.

Ndipo yaya akaja. Jua lilikuwa kichwani, mimi nachekecha unga mbele ya nyumba. Alikuwa amekonda, anakohoa, miguu imevimba. Alisimama kama mtu anayeomba njia.

“Mudogo yangu, nimekuja. Ni juu ya mutoto. Nilikosa.”

“Ulichelewa, yaya. Ule mutoto ameisha kuoza.”

Ndivyo nilivyosema. Sipunguzi neno.

Yaya akakaa kwenye benchi. Mimi si mnyama, nilimpikia: bukari ya unga, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wadogo wa kapenta. Lakini kwetu watu wa tumbo moja wanakula katika sahani moja, mkono unakutana na mkono. Mimi nilimwekea sahani yake peke yake, na uma juu yake, kama mgeni wa ofisi. Kisha nikaenda kula jikoni, nimesimama nyuma ya mlango. Niliusikia ule uma. Unagonga, unanyamaza, unagonga.

Mama kiongozi akapita njiani na ndoo ya maji. Akamwona yaya na sahani yake, akamsalimu, kisha akaniona mlangoni. Alielewa. Akaenda zake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemfunga mdomo Alhamisi ile.

Yaya alimaliza chakula chote, akasema asante, akaondoka kutafuta lori. Sikumsindikiza hata mpaka kwenye kona.

Mwezi haukwisha, habari ikaja kwamba amekufa.

Mama kiongozi alinisindikiza Kipushi bila kuombwa. Tulikuta wanawake wameketi kwenye mikeka, wanaimba. Shemeji yangu, bwana ya yaya, aliponiona akasimama, akanishika mikono yote miwili mbele ya wote.

“Mudogo yetu, Mungu akubariki. Alirudi hapa na furaha. Alituambia: mudogo yangu alinisamehe, tulikula mu sahani moja, tulicheka mpaka machozi. Alikufa na moyo mweupe.”

Wanawake wakaitikia: asante, mama, asante. Mmoja akaniletea kiti, akakiweka mbele, pa heshima. Na mimi nikakikalia. Siku mbili nzima nilikalia kile kiti. Mama kiongozi alikuwa chini kwenye mkeka, karibu na miguu yangu. Nilingoja afungue mdomo. Alitazama udongo tu.

Baba Yetu tuliisema pale kaburini. “Kama sisi tunavyowasamehe.” Niliisema bila kosa. Kujua sikukosa hata siku moja, na siku ile ya sahani nilijua vilevile. Kujua hakukunizuia kuweka ule uma.

Leo wajukuu wangu wana diplome za kweli, nne ziko ukutani, mje mtazame. Mkubwa wao ananiambia mimi bibi yake, “Kambo, kila siku maneno moya.” Namjibu, “Kaa, usikie.”

Alhamisi iliyofuata kile kilio cha yaya nilirudi, nikakaa benchi la mbele. Mama kiongozi akafundisha lilelile, kwa sauti yake ileile ya kukwaruza. Alipomaliza nikasema:

“Rudilia, mama.”

Wasichana wakacheka, wakafikiri ninamchokoza tena. Yeye hakucheka. Akarudilia polepole, tangu mwanzo. Nilijua kila neno. Nikalia kama mtu anayepokea habari.