Mguu wa Nyanya Si Ganda la Ndizi

Ilianza Jumapili, saa kumi na robo za jioni, mwalimu wetu mpya wa vijana alipovua viatu mlangoni petu Ganjoni, amekuja kumwombea nyanya. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemwozesha mguu wa kushoto, na kesho yake alikuwa aingie hospitali ukatwe.

Kabla sijaeleza alivyotuharibia mambo, wacha niwakumbushe wenzangu tuliosoma Shule ya Jumapili pamoja. Nina miaka kumi na sita, lakini enzi zetu nazo zilikuwa enzi. Hakukuwa na skrini ukutani. Tulikaa mkekani nyuma ya kanisa, jua linachoma migongo, midomo myekundu kwa mabuyu, na Mwalimu Eunice anatufundisha ufufuo kwa kutushika. Alikuwa akimvuta mtu kidole: "Hiki hiki ndicho kitakachofufuka, kwa hiyo kitoe puani." Nasi tulimtesa kwa maswali. Kazungu atafufuka na pengo lake? Na kamasi je? Alicheka hadi leso ikamdondoka, kisha akatuambia Yesu alitoka kaburini akaomba chakula, akapewa samaki, akala mbele ya watu. "Kivuli hakili samaki," alisema, tukarudi nyumbani sote tukidai samaki.

Watoto wa siku hizi wanaonyeshwa picha ya machweo yenye maandishi, wanaambiwa kila mtu ana ufufuo wake wa ndani, wanajipiga picha, wanaondoka. Muulize mmoja nini kilitoka kaburini, atakwambia "nguvu chanya". Sasa nguvu chanya ilihitaji jiwe liviringishwe ipite?

Basi yule mwalimu mpya akaketi, akanyoosha kola, manukato yakajaa sebule. Nyanya akamuuliza kile kilichomnyima usingizi: mguu ukishatupwa, siku ya ufufuo atasimamia nini?

"Usihofu, nyanya. Mwili ni ganda tu. Kufufuka ni kuamka na fikra mpya."

"Ganda?"

"Kama la ndizi, nyanya."

"Na Yesu?"

"Wanafunzi walimhisi moyoni."

Nyanya alimtazama toka nywele hadi soksi. "We kijana, ganda lako mbona umelipiga pasi hivyo?"

Nilichekea jikoni. Nyanya hakucheka. Alimgeukia mama. "Basi kesho siendi. Ganda la ndizi halipelekwi kwa daktari. Niletee chai, na utie sukari."

Mama akaanza kulia, maana daktari alishasema uozo ukipita goti hakuna la kufanya tena. Mwalimu akawa anatafuta aya kwenye simu, mtandao hauji. Mimi wageni wakija hujificha, hata salamu huzitoa kwa kunong'ona. Siku hiyo nilitoka na sufuria mkononi.

"Nyanya, Yesu alifufuka na matundu mikononi. Tomaso aliambiwa atie kidole. Ilikuwa mikono ile ile iliyopigiliwa misumari. Kama Mungu angeona mwili ni taka, angeuacha kaburini kama zile taka za jaa la Kibarani. Hakuuacha. Huo mguu wako atautafuta kokote watakakoutupa. Wewe mtunzie kilichobaki."

Masikio yaliniwaka moto.

"Nani kakufunza?" nyanya akauliza.

"Mwalimu Eunice."

"Huyo alikuwa mwalimu," akasema, akimwangalia mwalimu. Kisha, "Haya. Nitakwenda. Chai isiwe na sukari."

Sisi hatukuwa na picha hata moja ya mkekani pale, lakini tulijua kila kiwiko chetu kina mwenyewe. Wadogo zetu wana picha elfu za sura zao, halafu wanafundishwa kuwa sura hizo ni maganda. Nawaonea huruma, na kicheko pia kinanitoka.

Asubuhi yake, kabla teksi haijafika, nilikaa sakafuni nikamkata nyanya kucha za mguu ule wa kushoto, pole pole, nikikwepa bandeji.

"Wewe mtoto," mama akasema, "kucha za nini, na mguu wenyewe unakwenda kukatwa?"

"Mwache amalize," nyanya akasema. "Bado kidole kidogo."